Kumi na Mmoja Walioshika Namba Moja

Jumatatu, 12 Mei

Zimebaki siku kumi na moja kufunga muhula. Wanafunzi: kumi na mmoja. Walimu: hakuna! Hapa kwenye kituo changu cha kujifunzia hatuna walimu, tuna mwezeshaji, ambaye ni mimi, Apolinari. Dunia nzima inaelekea huku. Niliyajua haya kwenye semina ya siku moja hotelini Msasani, nilikopewa cheti, kalamu, na chakula cha mchana chenye samaki wa aina tatu. Nilirudi Goba mtu mwingine kabisa.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa nidhamu kwenye shule ya Revelian, ile yenye basi la njano. Miaka tisa na fimbo mkononi. Sasa fimbo hiyo inaegemeza mche wa nyanya nyuma ya nyumba.

Kituo kiko kwenye fremu mbili za duka za mbele ya nyumba yetu. Fremu ya tatu mke wangu Tekla ameweka cherehani zake. Alizitaka zote tatu. Alinipa mbili kwa sharti, tena mbele ya kaka zake: muhula ukiisha na wazazi bado wapo, binti yetu Clara ataendelea kusoma kwangu. Wakiondoka, Julai anarudi kwa Revelian.

Clara ana miaka kumi. Kwa Revelian alishika nafasi ya thelathini na nane kati ya arobaini na mmoja, na Revelian aliitangaza kwenye kipaza sauti, bibi yake mzaa mama akiwa amekaa mstari wa pili. Mtoto hakuongea wiki nzima. Sitaki arudi kule. Hilo ndilo ninalolitaka maishani. Hilo, na basi langu la njano.

Leo ilikuwa siku ya maswali. Kila Jumatatu kila mtoto anaandika ubaoni swali lake mwenyewe, halafu analitafutia jibu wiki nzima. Brightson: kwa nini mbwa wa Goba wanafukuza bodaboda na kuacha magari? Yasmini: sisimizi wanaingiaje kwenye kopo la sukari lililofungwa? Clara: bado natafuta. Anaandika hivyohivyo tangu Januari. Mtoto wa mwanzilishi! Nimemwambia asiwe na haraka. Kisha nimemnong'oneza maswali matatu mazuri. Ameyakataa yote.

Jumanne, 13 Mei

Kikao cha wazazi. Nimeeleza kwa nusu saa jinsi mtoto anavyoongoza masomo yake mwenyewe. Nimechora duara. Ndani ya duara, mtoto. Mama Brightson, karani wa ofisi moja mjini, mtu wa Bukoba na mwenye sauti yake, amenyoosha mkono kuuliza hilo duara limeshika namba ngapi.

Watu wamecheka. Akaendelea. Tangu Januari kazini kwake anaulizwa mwanao kawa wa ngapi, naye hana cha kujibu ila kwamba mwanae anachunguza mbwa. Hata hao mbwa wangepangiwa namba angeridhika, alisema.

Nimejibu kwamba udadisi haupimwi kwa namba. Baba mmoja, mpole sana, ameuliza kama haiwezekani kupata angalau tatu bora.

Mzee Jamali, mchonga vinyago, babu yake Yasmini, amesema mambo ya namba yeye hayamhusu, anachotaka ni kiti chake cha kukunja. Watoto walikiazima wiki iliyopita wajue kinavyofanya kazi. Sasa wanajua. Kiti kimo ndani ya kiroba. Nimeahidi kukishughulikia.

Jioni Revelian amenitumia ujumbe. Ameniita Mwalimu wangu mpendwa. Amenijulisha kwamba wazazi wangu saba wameulizia fomu kwake, na kwamba kwa moyo mweupe kabisa amemwandalia kila mtoto begi. Ameambatanisha picha ya begi. Begi zuri! Nimekosa hamu ya kula.

Jumatano, 14 Mei

Tekla ameniuliza wazazi wanasemaje. Nimemwambia wana shauku. Akasema Revelian ameleta oda ya sare za Julai, na kwenye orodha ya vipimo kuna sketi ya mtoto wa miaka kumi, mwembamba, mrefu kama Clara. Tekla ameshampima mwanangu! Yaani kushindwa kwangu kunashonwa ndani ya nyumba yangu, na anayeshona ni mke wangu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepata!

Nilikuwa napiga mswaki. Wazazi wanataka namba? Watapewa namba. Kila mtoto ana swali lake. Hakuna mwenzake mwenye swali hilo. Sasa, kwenye swali hilo, wa kwanza ni nani? Ni yeye! Kwa mambo ya mbwa na bodaboda, Brightson hana mpinzani. Kwa sisimizi, Yasmini anaongoza kwa mbali. Huu si uongo. Hii ni falsafa.

Nimekwenda steshenari. Ripoti kumi na moja, karatasi ngumu, mstari wa dhahabu pembeni. Jina la mtoto. Nafasi: 1 kati ya 11. Muhuri wa bluu. Ilipofika ya tano dada wa steshenari aliniuliza kama nina hakika, maana yeye anaona namba hiyohiyo tu. Nimemwambia aendelee kuchapa.

Ijumaa, 16 Mei

Nimezigawa mwenyewe, nyumba kwa nyumba, bahasha imefungwa. Kila mzazi nimemvuta pembeni na kumsihi asimwambie mtu, kwa sababu ya kijicho. Wote wamenielewa haraka sana. Mama Brightson amepiga kigelegele kwa kunong'ona, jambo ambalo sikujua kama linawezekana, na kunipa kopo la senene wa kukaanga. Yule baba wa tatu bora amenishika mkono kwa mikono yake miwili na kuutikisa.

Mzee Jamali amevaa miwani, akasoma, akanitazama, akavua miwani. Akaulizia kiti.

Clara naye nimempa yake. Ningefanyaje, nimnyime? Ameisoma mara tatu akiwa amesimama. Kisha ameibandika ukutani juu ya kitanda chake kwa uji wa ngano, na kila mteja aliyekuja kushonewa amepelekwa chumbani kuiona. Sijawahi kumwona mwanangu akitembea vile. Tekla ameniuliza mtihani ulifanyika lini. Nimekohoa. Roho iliniuma kidogo, nikala senene, ikapoa.

Jumamosi, 17 Mei

Balaa! Hata chai sijanywa, Mama Brightson ameshaiweka ripoti kwenye stetasi ya simu yake, na muziki juu. Nimempigia simu. Amesema nilimkataza asimwambie mtu, naye hajamwambia mtu, ameonyesha tu.

Ilipofika saa nne wazazi watano wengine walikuwa wameweka za kwao. Nimekaa na simu mkononi nikisubiri matusi. Matusi hayakuja. Ikafika saa sita, bado. Ndipo baba wa tatu bora aliponipigia, kwa sauti ya chini, kunitahadharisha kwamba kuna wazazi wanaghushi ripoti za kituo. Amenitajia na majina. Kumbe kila mmoja anaamini ya kwake ni halali na za wenzake ni za kughushi! Nimemshukuru kwa uaminifu wake na kumwomba alifiche jambo hili ili tusiwaaibishe.

Alasiri Revelian amepita kwa Tekla kuangalia sare zake. Uso umemshuka. Hakuna mzazi hata mmoja aliyekwenda kuchukua begi. Nimemkaribisha senene.

Jumatatu, 19 Mei

Watoto walisimama wote na kuniimbia shikamoo mwezeshaji. Nilishawakataza kusimama, ila sikuwakataza kwa nguvu. Shikamoo ya watu kumi na mmoja ina utamu wake.

Siku ya maswali. Clara akanyanyuka. Akachukua chaki, akaandika taratibu, mwandiko mzuri kabisa: Kwa nini mimi na Brightson wote ni namba moja?

Tangu Januari nasubiri swali la kwanza la mwanangu. Ndilo hilo.

Nimewaeleza kwamba maswali mazuri zaidi ni ya maumbile. Mimea. Wadudu. Mawingu. Yasmini hakubishana, amenyoosha kidole tu ukutani. Pale ukutani, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama sahani, imeandikwa: HAKUNA SWALI LILILOKATAZWA. Mwandiko ni wangu. Mchana nimejaribu kuifuta kwa mafuta ya taa. Haifutiki.

Brightson ameacha mbwa, amejiunga na Clara. Yasmini ameacha sisimizi. Hadi wanarudi nyumbani kundi lina watoto tisa.

Jumatano, 21 Mei

Wametengeneza hojaji. Kutengeneza hojaji niliwafundisha mimi, mwezi Machi, na siku ile nilijisifu sana. Wanabisha hodi. Wanatoa shikamoo. Wanaeleza lengo la utafiti. Wanaomba ruhusa ya kuiona ripoti, wanainakili, mzazi anaweka saini, wanashukuru. Kazi safi! Niliwafuata kwa mbali nikijisikia fahari na hofu kwa pamoja.

Nimetangaza leo ni mapumziko. Wamesema mwanafunzi anayejiongoza mwenyewe hana haja ya mapumziko ya kutangaziwa. Nimeficha chaki. Wana kalamu. Nimetangaza shindano la kukamata panzi, zawadi mandazi matano. Mtoto mmoja amekwenda, amerudi na panzi, amenikabidhi, amekula mandazi na kukimbilia wenzake.

Nikakodi bodaboda niwawahi kwa Mzee Jamali. Mvua ilinyesha jana, na kile kilima utelezi mtupu. Tulikwenda chini wote wawili, na pikipiki. Nimefika kwa Mzee nina tope hadi masikioni, nikakuta watoto wamekaa kwenye mkeka na yeye anaweka saini. Nikatoa shikamoo. Akaitika, kisha akaniuliza kwa adabu: wa mwisho ni nani? Nimemwambia mfumo wa kisasa hauna wa mwisho. Akasema inasikitisha mfumo huo umechelewa, maana yeye alirudia darasa la nne mara mbili.

Ijumaa, 23 Mei

Siku ya kufunga muhula.

Turubai, viti vya kukodi, spika mbili. Mpango wangu ulikuwa rahisi: sala, wimbo, pilau, kwaherini. Namba isitajwe na mtu yeyote. Lakini watu wakaanza kuingia, nikaona mashada. Kila familia imekuja na shada lake la karatasi za kung'aa, la kumvisha namba moja wao. Mashangazi wamekodi gari zima, Noa. Hata mama mkwe amekuja kutoka Kawe na shada la Clara, kubwa kuliko yote, amelikumbatia njia nzima lisikunjike. Na mstari wa mbele, bila kualikwa, shati jeupe, fomu kwapani: Revelian.

Wimbo ulipoisha tu nikatangaza pilau. Nimechelewa. Maiki ilikuwa mkononi mwa Clara.

Wakabandika karatasi ya manila kwenye nguzo. Jedwali, mistari imenyooka. Brightson akasoma namna walivyofanya utafiti. Yasmini akasoma matokeo: walioshika nafasi ya kwanza, kumi na mmoja, nafasi ya pili mpaka ya kumi na moja, hakuna mtu. Mashangazi wakatazamana. Clara akasoma hitimisho. Hakuna mzazi aliyeghushi. Ripoti zote zina muhuri mmoja na tarehe moja. Namba haikutoka kwenye kazi zetu, imetoka kwa mwezeshaji, kwa sababu aliwaogopa wazazi. Pendekezo: aulizwe.

Halafu akanigeukia. Akauliza kwenye maiki, taratibu, kama mtu anayeuliza maji yako wapi. Baba, mie kweli nilikuwa wa ngapi?

Nilikuwa nimeandaa majibu manne. Hakuna lililotoka. Nikasema hapakuwa na mtihani, mwanangu. Spika zikaipeleka hadi barabarani. Clara akaitoa ripoti yake, ameibandua ukutani na kipande cha rangi ya ukuta kimeng'ang'ania nyuma yake. Akaikunja mara mbili, akaniwekea mkononi. Nimeona aibu. Kuchekwa nimezoea. Hii ilikuwa nyingine, na bado ninayo hapa kifuani.

Hapo ndipo pakachafuka. Shangazi mmoja akadai wa kwao ndiye namba moja halisi, hao wengine ni wa kujazia. Mwenzake akamwomba arudie. Mashada mawili yakachanika. Mzee Jamali alicheka hadi kofia ikamwanguka. Revelian akainuka, akaanza kugawa fomu mstari kwa mstari kama anagawa soda.

Mama Brightson akapokea moja. Nikajua nimekwisha. Akaisoma, akainua uso, akamwona Brightson bado yuko mbele na maiki, anamjibu mzee mmoja aliyeuliza hojaji ni nini. Anajibu kwa ufasaha, bila kuinamisha kichwa. Mama akasimama. Akasema, na kila mtu akamsikia, kwamba kule kwa Revelian mtoto huyu alikuwa haitiki hata jina lake likiitwa. Akakaa, akaanza kujipepea na fomu.

Revelian hakukata tamaa. Akamwinamia Clara, akamwambia mtoto mwenye kipaji kama chake mahali pake ni kwenye shule ya kweli. Clara akamuuliza kama kule ataruhusiwa kuuliza maswali. Revelian akasema bila shaka, mwisho wa kipindi, muda ukibaki.

Clara akasema atabaki hapa. Ila kwa sharti: ripoti ziandikwe upya, kila mtoto aandikiwe alichofanya, kweli tupu, bila namba. Wazazi wakanyoosha mikono kuunga mkono. Wote! Mama mkwe akamvisha Clara lile shada, akasema hajalibeba toka Kawe kulirudisha.

Tekla alinijia wakati nakusanya viti. Hakunifokea, na ingekuwa nafuu angenifokea. Alisema Baba Clara, leo umeokolewa na watoto, usije ukawaangusha tena. Ripoti anazitaka mezani kesho kutwa jioni, azisome yeye kwanza. Nimeapa. Kisha nimekwenda nyuma ya nyumba, kwenye nyanya, nikalia kidogo.

Jumapili, 25 Mei

Nimetoka misa nikakaa mezani moja kwa moja. Nimeanza na ya Clara. Clara aliuliza swali lake la kwanza tarehe 19 Mei. Alilifuata nyumba kwa nyumba akiwa na adabu. Alipata jibu ambalo hakulipenda, akalisema mbele za watu. Basi. Nimeisoma mara tatu. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaandika ripoti nzuri kama hii. Nimeandika ya Brightson, ya Yasmini, na nyingine zote. Kweli tupu. Mikono myepesi, roho nyeupe.

Saa tano simu ikalia, ujumbe. Mama Brightson. Anaandika kwamba ukweli anauunga mkono asilimia mia, na bila namba ni sawa kabisa, lakini mimi na yeye tu, isitoke hapa: Brightson kawa wa ngapi? Dakika kumi baadaye, baba wa tatu bora, swali hilohilo. Hadi saa saba wamefika wanane.

Nimeweka kalamu chini. Nimetafakari sana, kama mtu mzima aliyekosea na anayetaka kujirekebisha. Na kosa langu nimelijua. Nilikosea wapi? Kwenye namba moja! Namba moja ndiyo inayowekwa stetasi. Namba moja ndiyo inayoita mashangazi na kukodi Noa. Lakini namba mbili? Nani aliwahi kumnunulia shada namba mbili? Mzazi wa namba mbili anamshukuru Mungu, anasema muhula ujao tutajitahidi, anakaa kimya kwake.

Kwa hiyo, kwenye kila ripoti, kona ya chini, kwa penseli, ndogo sana, ili Tekla akisoma haraka asiione, nimeandika: 2 kati ya 12.

Wakiuliza namba moja ni nani, nimejiandaa. Alihamia Dodoma na wazazi wake wiki hii, ghafla. Anaitwa Didas. Mtoto mpole, hana makuu, swali lake lilikuwa juu ya mawingu. Nimemfungulia faili, nimempa ripoti yenye kurasa mbili, na nakiri nimeanza kumpenda.

Clara amekuja sasa hivi kuangalia nimefika wapi. Amezipitia moja moja. Ya kwake ameishika muda mrefu bila kuiona ile penseli, akatabasamu, akanikumbatia shingoni. Kisha ameona faili. Ameniuliza Didas ni nani. Nimempongeza kwa swali zuri, na yeye amekwenda kuchukua daftari lake la utafiti.